Tairi Lipasukapo: Kushuka Kutoka Nunguni Hadi Barabara Kuu

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa aghalabu huipita milima ya Kilungu bila ya kuiangalia. Afikapo Salama macho yake huwa mbele, kwenye malori marefu yanayotoka bandarini, na moyo wake huwa umekwisha kufika Voi. Lakini akigeuza uso upande wa kushoto ataona safu ya milima ya kijani iliyoinuka juu ya nchi kavu, na mashamba yake yamekatwa matuta kama ngazi. Juu ya milima hiyo ndipo ulipo mji wa Nunguni, katika Wilaya ya Makueni ya zamani, ambayo ilitengwa na Machakos mwaka 1992 na ambayo tangu 2013 ina serikali yake ya kaunti.

Nunguni si mji mkubwa. Una soko, maduka, hospitali, vituo vya magari na mafundi wa kila namna. Hewa yake ni ya baridi, na asubuhi nyingi ukungu huwa umelala juu ya vilele vya milima hata jua linapokuwa limekwisha kuchomoza. Watu wa huko hulima kahawa, mahindi, maharagwe, ndizi, parachichi na mboga za aina nyingi. Matuta wayalimayo ni yale yaitwayo fanya juu, kwa kuwa mkulima huchimba mfereji na kuutupa udongo upande wa juu, na udongo huo ndio unaozuia maji yasiichukue rutuba ya shamba. Ukambani pote kazi hiyo imesifiwa, na anayetaka kuona kwa nini imesifiwa na apande Kilungu baada ya mvua.

Lakini mavuno hayawezi kubaki mlimani. Hapana budi yashuke, yafike barabara kuu, kisha yaende Nairobi au pwani. Hayo yote huchukuliwa na magari, na magari hutembea juu ya matairi. Kwa hiyo mtu wa Nunguni, hata kama hana gari lake mwenyewe, maisha yake yanategemea mpira ule mweusi kuliko anavyofikiri. Likipasuka tairi la gari lililobeba parachichi, kilichopotea si tairi tu. Ni karo ya shule ya watoto wa nyumba kadhaa, na pengine ni uhai wa dereva na wa akina mama waliopanda juu ya mzigo wao ili wasilipe nauli mara mbili.

Watu wengi husema tairi "limepasuka ghafula". Neno hilo ghafula si la kweli sana. Mlio ndio wa ghafula. Ugonjwa wenyewe ulianza zamani, na katika nchi kama ya Kilungu ulianza mlimani.

Tazama jinsi gari linavyoanza safari yake. Mavuno huchukuliwa kwanza kutoka mashambani, kwa njia nyembamba zilizochongwa ubavuni mwa mlima. Njia hizo zina mawe yenye ncha kali, na mvua inaponyesha huoshwa udongo wake na kuacha mawe yamesimama kama meno. Gari lenye mzigo likipita hapo huligonga jiwe kwa ubavu wa tairi, si kwa kanyagio lake. Kanyagio ni nene na limetengenezwa kuvumilia, lakini ubavu ni mwembamba ili upate kupindika. Jiwe likibana ubavu dhidi ya rimu, nyuzi za ndani hukatika. Kwa nje pengine haionekani alama yoyote. Baada ya siku kadhaa hutokea uvimbe mdogo kama jipu, na dereva asiye na desturi ya kuinama hawezi kuuona. Hapo tairi limekwisha kuumia, nalo linangoja joto tu.

Joto hilo lipo tele huko chini. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde moja, na gurudumu la pikapu ya kawaida huzunguka kama mara 10 katika sekunde hiyo hiyo. Kila mzunguko ubavu wa tairi hupindika unapofika chini na kunyooka unapoinuka. Katika saa moja ni zaidi ya mara 36,000. Msomaji na achukue kipande cha waya, akipinde na kukinyosha upesi upesi, kisha akiguse mahali palipopindwa. Ataelewa mara moja. Tairi lenye upepo wa kutosha hupindika kidogo, kwa hiyo hupata joto kidogo. Lenye upepo haba hupindika sana, joto huzidi, mpira hulegea na kuachana na nyuzi zake, na mwisho wake hujulikana. Ndiyo maana mafundi wazoefu husema kwamba upepo haba huua matairi mengi kuliko misumari. Dereva mwingi huogopa upepo mwingi, akidhani kwamba tairi hupasuka kama pulizo la mtoto lililojazwa kupita kiasi. Mara nyingi mambo huwa kinyume chake.

Hapa milima ya Kilungu huleta fumbo lake. Asubuhi gari hujazwa upepo Nunguni penye baridi. Saa chache baadaye, kama linaelekea pwani, huwa limefika Emali au Makindu, ambako jua huchoma na lami huwaka. Upepo ukipata joto hutanuka, na kipimo hupanda kwa ratili moja hivi kila joto liongezekapo kwa digrii 5 au 6. Dereva asiyejua akisimama njiani na kupima, huona kipimo kimezidi, hushtuka, naye huuachia upepo utoke. Kwa kufanya hivyo amelipunguzia tairi nguvu wakati ule ule lihitajipo nguvu zaidi. Kiwanda kilipoandika kipimo cha upepo kwenye mlango wa gari kilikusudia tairi lililo baridi, yaani asubuhi kabla ya safari, na kiliihesabu nyongeza hiyo ya joto. Tairi lililopata moto halipunguzwi upepo. Hupumzishwa. Madereva wengi wa njia hii hupumzika Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambako kila msafiri hukaribishwa chakula bila malipo wala kuulizwa dini yake. Matairi nayo hufaidika kwa ukarimu huo, ingawa hayaandikwi katika kitabu cha wageni.

Mteremko wenyewe una hatari ya pili. Dereva anayeshuka kutoka milimani huku amekanyaga breki njia nzima huzifanya ziwe na moto mkali. Moto huo huingia katika rimu, na kutoka katika rimu huingia katika tairi. Afikapo barabara kuu hushukuru kwamba mteremko umekwisha, kisha huongeza mwendo, naye hajui kwamba ameingia katika mwendo wa kasi na matairi ambayo tayari ni ya moto. Mwenye akili hushuka kwa gea ile ile ambayo angeipandia, akaiacha injini ilishike gari.

Kuhusu tairi lenyewe yako mambo machache yanayoweza kusomwa ubavuni mwake, nayo hayahitaji elimu kubwa. Baada ya herufi DOT hufuata alama, na mwisho wake huwa tarakimu nne. Zikiwa 2319, maana yake ni kwamba tairi lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kama hautembei, kwa jua na kwa hewa, nao hupasuka nyufa nyembamba kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Jambo hili lina uzito Kenya, kwa sababu magari mengi huja yamekwisha kutumika ng'ambo, nayo huruhusiwa kuingia yakiwa hayajazidi miaka 8. Gari likaoshwa na kupakwa rangi likang'aa, mnunuzi hutazama kiti na redio, wala hatazami kwamba tairi la akiba ni la umri sawa na gari. Kuhusu kuisha kwa kanyagio, ndani ya mifereji ya tairi viwanda huweka vijituta vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Kanyagio likilingana na vijituta hivyo, tairi limefikia upara na kazi yake imekwisha.

Kwa miaka mingi Kenya ilijitengenezea matairi yake Nairobi. Kiwanda kilichoanzishwa na Firestone mwaka 1969 kiliendelea baadaye chini ya jina la Sameer, na matairi yake ya Yana yalijulikana hadi vijijini. Mwaka 2016 utengenezaji ulikomeshwa, kwa kuwa matairi ya kutoka nje yaliuzwa kwa bei ya chini. Tangu hapo mnunuzi huchagua miongoni mwa majina mengi mageni, na baadhi ya maduka humuuzia lililotumika kwa maneno matamu. Maneno matamu hayana kipimo cha upepo.

Mafundi wa pancha wa Nunguni na wa Salama huyaona hayo kila siku. Fundi mmoja huweza kulitambua tairi bovu kwa kulipitisha kiganja tu, kama mkunga anavyogusa tumbo. Mara kwa mara kijana mwenye pikapu humletea tairi lililovimba ubavu, akaomba litiwe kiraka kwa ndani.

"Mzee, si litanifikisha Nairobi?"

"Kukufikisha litakufikisha, mwanangu. Kukurudisha ndiko nisikokujua."

Kijana hucheka, lakini mara nyingine hununua jingine. Wala kazi ya fundi mwenyewe si salama. Magurudumu ya malori makubwa, hasa yale ya zamani, yana ringi ya chuma inayobana tairi kwenye rimu. Ringi hiyo isipokaa sawasawa wakati wa kujaza upepo, huruka kwa nguvu ya kuua mtu. Fundi mwangalifu hulifunga gurudumu kwa mnyororo au huliingiza katika kizimba cha chuma, naye husimama kando, si mbele yake. Wako wasiofanya hivyo kwa sababu hawajaona likiruka.

Sasa na ifikiriwe saa yenyewe. Gari limeshuka salama, limeingia barabara kuu, linaelekea Nairobi na mzigo wake. Mara husikika mlio kama wa bunduki. Usukani huvutwa kwa nguvu upande mmoja, gari huinama, na abiria hupiga kelele. Katika nusu sekunde ile mguu wa dereva hutaka kufanya jambo moja tu, nalo ni kukanyaga breki kwa nguvu zote. Jambo hilo ndilo linalopindua magari. Gurudumu lililopasuka tayari linakokota, na breki huongeza ukokotaji upande ule ule, hata gari likageuka ubavu. Kosa la pili ni kuukata usukani kwa haraka ili kukimbilia ukingoni.

Yampasa dereva aushike usukani kwa mikono yote miwili, bila ya kutia kidole gumba ndani ya mikono ya usukani, na aliweke gari katika mstari wake. Breki asiiguse. Mguu wa mafuta asiunyanyue kwa ghafula, bali auache uinuke polepole, kwa maana gari linalovutwa mbele na injini hunyooka kuliko linalozuiwa kwa ghafula. Madereva wa kale hata hugusa mafuta kidogo kwa kitambo kifupi mpaka gari litulie, na jambo hilo huwashangaza wanaolisikia mara ya kwanza. Gari likipungua mwendo lenyewe, hapo ndipo dereva atie alama ya kugeuka, atazame nyuma, na kulipeleka kushoto taratibu hadi nje ya lami. Breki ataigusa mwishoni, kwa upole, mwendo ukiwa umekwisha kuwa mdogo.

Likipasuka la mbele, usukani ndio husema. Likipasuka la nyuma, usukani huweza kuwa mwepesi tu, na dereva hulisikia kiunoni, kwa kuwa nyuma ya gari huyumba kama mkia wa samaki. Tiba ni ile ile. Katika lori lenye magurudumu pacha nyuma hali ni ya hila zaidi. Moja likipasuka, huenda dereva asisikie kitu, maana pacha wake huubeba mzigo wote. Akiendelea hivyo kilomita nyingi, yule pacha hubeba kazi ya wawili, hupata moto na kupasuka pia, na mara nyingine huwaka moto wa kweli. Ndiyo maana utingo mwenye sifa hushuka kila kituo na kuyagonga matairi yote kwa fimbo au chuma. Lililojaa hulia, lililolegea hutoa sauti ya bubu. Desturi hiyo haigharimu hata senti moja.

Mwendo ndio unaoamua kama ujuzi huo wote utafaa kitu. Serikali ya Kenya ilipotoa kanuni za magari ya abiria zilizoanza kutumika Februari 2004, kanuni ambazo watu walizipa jina la Waziri Michuki, ilidai kila gari la abiria liwe na kifaa cha kuzuia mwendo usipite kilomita 80 kwa saa, na kila kiti kiwe na mkanda. Wengi walinung'unika. Lakini dereva aliyepasukiwa na tairi katika mwendo wa 80 huwa na nafasi ya kulishika gari lake, na mwenye 120 mara nyingi hana. Mkanda nao hufanya kazi ambayo watu huisahau, yaani humweka dereva kitini ili aweze kuendelea kuushika usukani.

Gari likiisha kusimama, hatari haijaisha. Barabara hiyo hupitiwa na malori yaendayo Uganda, Rwanda na Kongo, mchana na usiku. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ilichukua makontena mengi, lakini malori bado ni mengi. Abiria washuke upande usio wa magari, wasogee mbali, wala wasikae nyuma ya gari kwa ajili ya kivuli. Taa za tahadhari ziwashwe, na pembetatu zinazong'aa ziwekwe mbali vya kutosha hata lori linaloshuka mteremko lipate nafasi ya kupunguza mwendo. Hatua kumi hazitoshi. Kama gari limesimama nyuma ya kona, pembetatu huwekwa kabla ya kona, maana aliye upande wa pili haoni kupitia mlima.

Wengi hukata matawi ya miti na kuyatandaza barabarani kama ishara, na desturi hiyo hueleweka Kenya nzima. Wengine huyazuia magurudumu kwa mawe makubwa ili gari lisiserereke jeki iinuapo. Ni vema, na penye mteremko ni lazima. Ubaya ni kwamba tairi likiisha kubadilishwa, dereva huwa na haraka, huondoka na kuyaacha mawe pale pale juu ya lami. Usiku huja mwingine, gurudumu lake hupanda juu ya jiwe lile, na msiba huanza upya kwa mtu asiyehusika. Huo si usahaulifu wa kusamehewa kirahisi. Aliyeyabeba mawe kuyaleta ana mikono ya kuyarudisha.

Kazi yenyewe ya kubadilisha ni nyepesi kwa aliyeifanya nyumbani kabla ya kuihitaji. Nati hulegezwa kwanza gurudumu likiwa bado chini, kisha gari huinuliwa. Jeki haiwekwi juu ya udongo mlaini wa kando bila ubao wala bamba chini yake, na mtu hajiingizi uvunguni mwa gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Tairi la akiba likiisha kuingia, nati hukazwa kwa kurukaruka, hii kisha ile inayoielekea, si kwa kufuatana kwa duara. Baada ya kilomita 50 hivi dereva husimama tena na kuzikaza. Ndipo wengi hugundua jambo la aibu, kwamba tairi la akiba halina upepo, maana halijaguswa tangu gari liliponunuliwa. Msimamizi wa soko la mboga Nairobi hangoji, na sukuma wiki haingoji hata kidogo.

Na lile lililopasuka? Halitupwi. Hurudishwa Nunguni juu ya gari lile lile, na siku ya pili huwa limeegemezwa ukutani mwa mshona akala. Yeye hulipima kwa kisu chake, akitafuta lenye nyuzi za kitambaa, kwa kuwa nyaya za chuma huuharibu makali ya kisu na humchoma mvaaji. Kanyagio huwa soli, na ubavu, kama haujachanika sana, huwa kanda za juu. Jozi ya akala iliyokatwa vizuri humpandisha mkulima na kumshusha matuta yake kwa miaka mingi, juu ya mawe yale yale yaliyolishinda tairi.